Turubai Kwenye Maegesho Namba Tisa

Wenzangu niliowaacha kitengo cha miliki, salamu. Mliponiaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye kuanzia siku ile hana tena pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni kwangu Bunju na inakwenda vizuri, haraka kuliko barua zetu. Mkaniomba pia niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, kwa faida ya wageni wanaoanza. Nadhani aliyetoa wazo hilo alitegemea ukurasa mmoja wa shukrani na picha. Bahati mbaya nina muda mwingi, na hakuna tena wa kunihamisha.

Kazi yangu, kwa asiyejua, ilikuwa kukataa. Kwenye karatasi iliitwa Afisa Miliki, na maelezo yake yalisema "kusimamia matumizi bora ya maeneo ya pamoja". Kwa Kiswahili cha nyumbani maana yake ni hii: shirika letu lina maghorofa ya kupangisha, kila ghorofa lina maegesho yaliyochorwa mistari, na kila mpangaji amekodishwa nafasi moja pamoja na nyumba yake. Akitaka kuibadilisha nafasi hiyo, kuiezeka, kuimwagia zege au kuizungushia wavu, anaomba kibali. Aliyekuwa anaombwa ni mimi.

Siku ya kwanza nilipokewa masjala na Mzee Mhando, mtu wa Lushoto, mwembamba, viatu vinang'aa hata msimu wa matope. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanipa vitu vitatu bila hotuba: tepu ya kupimia, boksi la chaki nyeupe, na muhuri uliofungwa kwenye kitambaa. Nikamuuliza sheria za kazi ziko wapi.

"Sheria ziko kabatini, utazisoma ukikosa usingizi," akasema. "We shika hili tu. Hapa hatusemi hapana. Ukisema hapana, mtu anaikatia rufaa. Sie tunasema, kuna kitu kimepungua."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu jipya na kuyapigia mstari. Nilikuwa msichana mwenye bidii.

Tepu ile lazima niieleze, kwa sababu baadhi yenu bado mnaitumia na hamjui historia yake. Kichwa chake kilikatika zamani kabla yangu, na ilianzia sentimita ya nne. Mzee Mhando alijua, akasema ukishazoea unatoa nne kichwani na maisha yanaendelea. Aliyekuja kabla yake hakuzoea. Ndiyo maana nafasi zote zilizochorwa na mtu huyo ni pungufu kwa sentimita nne, na vitabu vyetu vyote vinaonyesha kwamba zimetimia. Shirika zima liliendeshwa kwa tepu yenye ugonjwa, na kila mwaka tulipewa cheti cha usahihi wa kumbukumbu.

Ukaguzi wetu wa kwanza ulikuwa Kinondoni, kwenye maghorofa ya zamani. Nilikuwa nimejiandaa kukuta magari. Nilikuta magenge mawili ya nyanya na vitunguu, mashine ya kukamua miwa, mama anasuka wateja watatu kwa zamu, mikeka ya watoto wa madrasa, na kitanda cha kamba ambacho babu mmoja alikuwa amelala juu yake katikati kabisa ya nafasi namba sita, sawasawa na mistari. Magari yalikuwa matatu, na moja halikuwa na tairi. Ndani yake kuku alikuwa ameatamia. Mzee Mhando alilipima gari lile pande zote nne, akapiga magoti kuangalia mstari, akasimama akajipangusa suruali.

"Liko ndani ya mstari," akasema. "Halina kosa."

Babu wa kitanda alikuwa na kosa. Tulimwamkia shikamoo, tukamwandikia onyo, akatukaribisha uji.

Fomu ya maombi ilikuwa na kurasa nne na iliandikwa na mtu aliyeamini kwamba kila Mtanzania ana gari. Iliuliza namba ya usajili, rangi ya gari, uzito wake, na idadi ya milango. Mama mmoja aliyetaka kuondoa lami apande mchicha aliandika rangi ya gari ni kijani. Mwingine, aliyetaka kufuga bata, aliandika milango hakuna. Wote niliwarudishia, kuna kitu kimepungua. Nilikuwa nimeanza kuipenda sentensi ile. Unaisema kwa upole, hata unaweza kuchanganya na pole kidogo, na mtu anaondoka akikushukuru.

Mzee Mhando alinifundisha pia adabu ya kazi ya nje, na hii naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Usitoe tepu kabla ya salamu. Usipime mbele ya mgeni wa mtu. Na ukikuta turubai limefungwa kwenye maegesho, usikague kitu. Kila mkazi wa mji huu anajua kwamba turubai, viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka na sufuria kubwa motoni ni msiba mpaka uambiwe vinginevyo, na hakuna mtu tangu mji huu uwe mji aliyewahi kuomba kibali cha turubai.

"Unageuka, unavaa khanga, unarudi kutoa pole," alisema. "Na humuulizi mtu chochote. Msibani hapaulizwi, panakaliwa."

Hata mkataba wetu wa upangaji ulisalimu amri. Kifungu cha kumi na nne kinasema mpangaji anaweza kuweka turubai kwenye nafasi yake kwa shughuli ya kijamii, siku zisizozidi tatu, bila kibali, ilimradi atoe taarifa kwa barua. Barua kama hiyo sikuwahi kuiona. Kwa kweli sikuwahi kumwona mpangaji aliyeusoma mkataba, hadi alipotokea Mwalimu Kasembe.

Mzee Mhando alistaafu, akaniachia tepu na meza yake karibu na dirisha. Miaka ikapita. Nilipanda vyeo ambavyo sitavieleza, kwa sababu kila nilipopanda niliendelea kufanya kazi ileile kwenye kiti kirefu zaidi. Maghorofa mapya yakajengwa pembezoni, hadi Kibamba, na mistari ikachorwa kwa tepu ileile. Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu mama mmoja aliponijia ofisini akiwa ameshika bahasha kwa mikono miwili.

Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, nikamwamkia. Akajitambulisha: Mama Tumaini, mke wa Mwalimu Kasembe, wapangaji wetu wa Kibamba, nyumba ya chini, nafasi namba tisa. Mumewe alifundisha hesabu sekondari maisha yake yote. Baada ya kustaafu sukari ilimpanda, akakatwa mguu, na mguu uliobaki haukuwa na nguvu. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamechangishana wakamletea baiskeli ya matairi matatu yenye injini, ile ya kuendeshwa kwa mikono.

"Sasa mwanangu, chombo kipo pale nje, yeye yupo ndani," akasema. "Mlangoni kuna vidato vitatu, halafu ule ukingo wa zege, ndo ufike namba tisa. Tunaomba tumwage mteremko kutoka mlangoni, na kibati kidogo juu, mvua isimnyeshee akipanda. Basi."

"Sasa hivi anatokaje?"

"Anabebwa. Vijana wa bodaboda wanambeba mgongoni kama gunia la mkaa, watu wanaangalia. Mwenyewe kasema hataki tena. Kliniki kaikosa mara mbili. Mie naogopa, mwanangu. Huo mguu mwingine ukianza, atakwisha."

Nilimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa afisa mwenye adabu. Kisha nikafungua fomu.

"Namba ya usajili wa gari haijajazwa," nikasema.

"Hana gari."

"Naona mama, lakini hii ni nafasi ya gari. Na rangi?"

"Ya hiyo baiskeli? Nyekundu."

Niliandika nyekundu. Nikamwambia kwa upole kwamba kuna kitu kimepungua, akaenda kutafuta barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba baiskeli ni chombo. Alirudi nayo baada ya wiki mbili. Nikaomba mchoro wenye vipimo. Mwalimu aliuchora mwenyewe kwa rula na penseli, safi kama wa kitabuni, na pembeni akaandika hesabu ya ulalo wa mteremko. Niliurudisha. Vipimo vyake havikulingana na kitabu chetu: nafasi namba tisa kwenye kitabu ilikuwa kubwa kuliko kwenye mchoro, kwa sentimita nne.

Najua mnachofikiria. Mimi niliyetoa nne kichwani miaka yote hiyo sikukumbuka kuzitoa kwenye kitabu. Niliandika kwa wino mwekundu, "Mwombaji apime upya." Mwalimu alipima upya, akaleta namba zilezile, na chini akaongeza mstari mmoja: "Nimepima mara tatu. Naomba nanyi mpime mara moja." Nilikasirika. Nilisema mzee huyu ana dharau, nikadai saini za majirani wanane. Zikaja nane, na ya tisa kutoka kwa muuza chipsi ambaye hata mpangaji wetu si yeye. Nikabakiwa na silaha moja tu. Niliandika kwamba mwombaji afike ofisini mwenyewe, siku ya Jumatano, kwa uhakiki.

Wiki moja baadaye nilifungua jalada nikaona hakuna saini ya uhakiki. Nikaandika: "Mwombaji hakufika. Jalada lisubiri." Nikaliweka upande wa kushoto wa meza, chini ya yale mengine yanayosubiri, na likakaa pale miezi mitano. Mama Tumaini alikuja mara mbili kuulizia. Mara zote nilimwambia linashughulikiwa, na kwa kuwa lilikuwa linashika kona ya pazia lisipeperuke, sikuona kama nasema uongo.

Ijumaa moja nilikwenda Kibamba kukagua rangi ya mistari, kazi isiyohusiana kabisa na Mwalimu. Nilishuka, nikapita kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikakata kona, na mbele yangu kwenye nafasi namba tisa nikaona turubai.

Turubai la bluu, limefungwa hadi ukutani kwa Mwalimu, na upande wa mlango wake limeshushwa pazia hadi chini. Viti vya plastiki. Wanaume kama kumi wamekaa kimya, kofia magotini. Wanawake kwenye mikeka wanachambua mchele, sufuria kubwa iko motoni. Mama Tumaini yuko katikati yao, amejifunga khanga kichwani, anapangusa uso.

Nilirudi nyuma hadi kona, nikaegemea ukuta wa duka, na kitu cha kwanza nilichokiona akilini ni jalada lile limeshikilia pazia langu. Nilinunua khanga palepale dukani kwa jirani, nikajifunga, nikaficha mkoba wenye tepu na muhuri chini yake, nikarudi. Nilivua viatu. Wanawake walinisogezea nafasi.

"Poleni jamani," nikasema.

"Asante, tumeshapoa," wakaitikia.

"Mungu ndiye anayepanga."

"Kweli kabisa, dada," akasema mmoja, anapuliza pumba. "Sie tunapanga, ofisi inapangua, Yeye ndo anamaliza."

Nilidhani ananisema, na alikuwa ananisema, ila si kwa maana niliyofikiri. Niliinamisha kichwa. Nyuma ya pazia nilisikia koleo linakoroga kitu kizito, nikajua wanakoroga pilau la pili, maana misiba ya Kibamba ina watu. Sikuuliza. Msibani hapaulizwi, panakaliwa. Nilikaa karibu saa nzima, nikala, nikapewa chai, nikatoa rambirambi yangu kwa kijana aliyeipokea kwa mshangao mkubwa akasema, "Duh, asante sana mama, hata tulikuwa tumepungukiwa mfuko mmoja." Nilidhani mfuko wa mchele.

Halafu nikashindwa. Nilianza kulia, na si kilio cha adabu cha kufunika uso kidogo. Nililia mpaka mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akanishika bega. Nikasogea kwa magoti hadi kwa Mama Tumaini nikamshika mikono.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Jalada la Mwalimu liko mezani kwangu. Miezi yote hii liko mezani, halijapungukiwa na kitu. Nilikwambia linashughulikiwa, nilikudanganya. Nisamehe mimi, na muombe Mwalimu huko aliko anisamehe."

Nyuma ya pazia koleo likasimama. Mama Tumaini alinitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni, akageuza shingo kuelekea dirishani, na kutoka dirishani ikatoka sauti nzito ya kiume, sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma.

"Mwambieni nimemsamehe. Lakini asaini kabla sijafa kweli."

Sitaeleza yaliyofuata kwa urefu. Kuna mwanamke alicheka hadi mchele ukamwagika, na wale wanaume kumi kumbe walikuwa kimya kwa sababu walikuwa na njaa. Kofia magotini zilikuwa za ujenzi. Nilipandishiwa pazia nikaonyeshwa msiba wangu: mteremko wa zege mbichi kutoka mlangoni hadi namba tisa, umenyooka, na fundi mmoja, Shabani, amesimama juu ya ubao na koleo lake, anaangalia mkoba wangu kama mtu anayengoja pingu.

"Mama, mie nimeitwa tu," akasema. "Ishu za vibali sizijui."

Mwalimu alikuwa dirishani, amekalishwa kwenye kiti kirefu ili asimamie kazi. Mkononi alikuwa na mkataba wetu wa upangaji, kurasa zote, umepigwa mistari ya penseli. Alinieleza taratibu, bila hasira, kama anavyoeleza somo. Kifungu cha kumi na nne kinaruhusu turubai siku tatu. Mafundi wanahitaji kivuli, majirani waliojitolea wanahitaji kula, na majirani wakila pamoja ni shughuli ya kijamii. Zege la unene ule, kwa jua la Kibamba, siku tatu linatosha kukanyagwa. Taarifa kwa barua ameitoa, ameiwasilisha masjala kwetu siku ya Jumatatu.

Barua ile nilikuja kuiona Jumanne iliyofuata. Ilikuwa imesafiri kutoka masjala ghorofa ya chini hadi kwangu ghorofa ya juu kwa siku nane.

"Lakini Mwalimu," nikasema, nikijaribu kuokoa kipande cha heshima, "ungefika ile Jumatano tungemaliza kwa amani. Niliandika ufike."

Akaukunja mkataba.

"Nilifika, binti," akasema. "Saa nne asubuhi. Shabani huyu na mwenzake walinibeba hadi kwenye bajaji, bajaji ikanifikisha mlangoni kwenu. Mna ngazi saba. Nilikuwa na muda wa kuzihesabu. Nikamtuma mlinzi aje akwambie. Akarudi akasema, anasema upande juu, sie hatuhudumiagi watu barabarani."

Nilikumbuka. Hilo ndilo jambo ambalo nimelibeba hadi leo, kwamba nilikumbuka palepale. Nilikuwa nakunywa chai na chapati. Mlinzi alichungulia akasema kuna mzee chini anakuita, nami nikajibu bila kuinua macho kwenye kikombe. Sikuuliza mzee gani. Halafu nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba mwombaji hakufika. Niliona aibu ambayo hakuna barua ya onyo iliyowahi kunipa, na nilimwambia hivyo, mbele ya Shabani na wenzake wote.

"Basi pima," akasema Mwalimu. "Umekuja na tepu. Pima hiyo nafasi, tumalize ubishi."

Nikapima namba tisa huku akina mama wamejipanga nyuma ya kamba ya turubai wakiangalia. Nikasoma kipimo kwa sauti.

"Toa nne," akasema Mwalimu kutoka dirishani. "Hiyo tepu ina kasoro mwanzoni, naiona toka hapa."

Miaka zaidi ya thelathini, wenzangu. Wakaguzi wa ndani, wakaguzi wa nje, cheti kila mwaka. Mtu wa mguu mmoja aliiona kutoka dirishani.

Jumatatu nilitoa jalada chini ya pazia. Fomu ya ukaguzi inauliza hali ya eneo kabla ya ujenzi, na ujenzi ulikuwa umeisha, lakini sikuwa nimefundishwa na Mzee Mhando bure. Niliandika: "Afisa alifika, akakuta wakazi chini ya turubai kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne. Kwa muda wote aliokaa mkekani hakuona ujenzi wowote." Kila neno ni kweli. Mkuu alisaini bila kusoma, kama alivyosaini yote. Nikapiga muhuri. Mwalimu akaja wiki hiyohiyo kusaini nyongeza ya mkataba, safari hii anaendesha mwenyewe chombo chake chekundu kutoka Kibamba, shati limepigwa pasi, amepitia kliniki kwanza. Alisimama chini ya ngazi saba. Nilishuka na jalada, muhuri na pedi ya wino, na nikamhudumia barabarani, yeye anasainia juu ya tenki la mafuta, mimi nimemshikia karatasi zisipeperuke. Bajaji zilitupigia honi. Mlinzi alijifanya anaangalia geti.

Anakwenda kliniki kila wiki hadi leo, na mguu wake uko salama. Jioni anafundisha hesabu watoto wa ghorofa pale kwenye namba tisa, chini ya kibati. Hiyo ni kinyume na mkataba, kifungu cha sita, na nawaonya msije mkakigusa.

Nimeyaandika haya yote ili nifike hapa. Wiki ile ya saini niliandika dokezo kwa mkuu, kwamba na sisi tujenge mteremko mlangoni kwetu. Nafikiri ndilo ombi pekee nililoliandika maisha yangu yote. Kabla ya hapo niliyapokea tu. Lakini jengo letu nasi tumepanga, na mteremko ungekula nusu ya nafasi ya gari la mkuu, nafasi ambayo tumekodishwa. Kwa hiyo ikabidi tuombe kibali cha kubadilisha maegesho. Nilijaza fomu ya kurasa nne. Ilirudi. Kuna kitu kimepungua. Niliambatisha mchoro, niliomwomba Mwalimu anichoree. Ulirudi. Niliambatisha saini za majirani. Siku mliponikatia keki jalada lilikuwa bado linashughulikiwa, na kabla sijatoka nilikwenda kuliangalia. Liko kwenye kabati la kijani, droo ya pili, chini ya faili la magodoro ya walinzi. Sasa ni la yule atakayekalia meza yangu ya dirishani, na kama ni wewe unayesoma, karibu kazini.

Mkataba wa Mwalimu unaisha mwezi ujao na anatakiwa kufika mwenyewe kuuhuisha. Tumeongea. Shabani yuko tayari, Mama Tumaini ameshahesabu viti, na mimi nimesoma mkataba wa jengo letu hadi ukurasa wa mwisho. Nao una kifungu cha turubai, siku tatu. Barua ya taarifa nimeshaileta masjala leo, kwa hiyo mtaiona baada ya tukio.

Mkifika kazini Ijumaa moja mkakuta turubai la bluu kwenye nafasi ya mkuu, msiulize mtu. Vueni viatu, mkae, mtapewa chai. Hakuna aliyekufa bado.